Mama Pasi Anafunga Darasa

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na mmoja ya kufundisha darasa la kwanza, mwenzetu ambaye shule nzima inamwita Mama Pasi anastaafu. Wageni huuliza jina hilo lilitoka wapi. Wavute subira, tutafika.

Hakuanza na ualimu. Akiwa na miaka ishirini na minane alimwacha binti yake wa miaka miwili kwa bibi, akaenda ng'ambo kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Alikusudia kukaa miaka miwili, akakaa tisa. Kila Jumapili alipiga simu, na mtoto, akisukumwa na bibi yake, alisema shikamoo kisha akamrudishia bibi simu. Aliporudi, msichana wa miaka kumi na mmoja alimpokea mkoba kwa adabu zote, akamvutia kiti, akamuuliza kama safari ilikuwa njema. Ndivyo mgeni anavyopokewa. Mama Pasi husimulia hayo akicheka, lakini macho yake huwa dirishani.

Akajiunga na chuo cha ualimu, mkubwa kwa umri kuliko baadhi ya wakufunzi wake. Alipoajiriwa hapa aliomba darasa la kwanza, na kila mkuu wa shule aliyetaka kumpandisha alikataliwa kwa upole. Sababu alitupa siku moja tukinywa chai: watoto wa miaka sita na saba ndio ambao hakuwahi kuwaona nyumbani kwake. Alitaka kuona wanavyong'oka meno, wanavyosinzia mchana, wanavyolisoma neno la kwanza. Wa kwake alimkuta ameshajua kusoma.

Projekta ilipoletwa, hakuipenda. Kompyuta yake aliifuta vumbi mara nyingi kuliko alivyoiwasha. Kisha ikaja skrini ya kitambaa ya kutundika ukutani, imejaa mikunjo, na fundi wetu wa kompyuta akalalamika kwamba mikunjo ile itaharibu picha. Kumwambia hivyo mtu aliyenyoosha mashuka miaka tisa ni kujitafutia balaa. Kesho yake alikuja na pasi kutoka nyumbani. Skrini ikaungua, moshi ukatoka, na alama ya pasi imebaki pale katikati mpaka leo. Tangu hapo kila ramani tunayoonyesha ina ziwa la ziada, na yeye ana jina jipya.

Lakini maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Kila baada ya vipindi alimganda fundi, kijana wa rika la binti yake, akauliza, akasahau, akauliza tena, mpaka akajua. Herufi za katuni zinazocheza kwenye skrini hazikumvutia. Kilichomteka ni simu ya video. Alipoona uso wa mtu aliye mbali umejaa ukutani, alivuta kiti akakaa mbele yake.

Hapo ndipo ilipozaliwa Ijumaa ya Hadithi. Mzazi anayefanya kazi mbali hutokea kwenye skrini akalisomea darasa, na mtoto wake hukaa mbele kabisa. Tumesomewa na dereva wa lori akiwa ameliegesha kando ya barabara, na mpishi aliyesahau kuvua kofia, na baba mmoja aliyeshindwa na machozi ukurasa wa pili, mwanawe akamkumbusha alipoishia.

Binti wa Mama Pasi sasa ni muuguzi, naye yuko ng'ambo. Hakuwahi kualikwa asome. Mama yake alikuwa akiogopa, na alitwambia wazi: atamwombaje kusomea watoto wa watu, ilhali yeye mwenyewe hakusomewa na mamaye?

Ijumaa iliyopita, ya mwisho, fundi alimpigia binti huyo bila kumwambia mtu. Uso ukajaa ukutani, alama ya pasi ikamkaa shavuni. Akamwamkia mama yake, akawasalimu watoto, kisha akasema hakuja kusoma. Alikuja kusomewa. Alitaka kitabu cha darasa la kwanza, tangu mwanzo, kwa kuwa alisomewa na bibi, na jirani, na walimu, lakini si na yule ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimngoja.

Mama Pasi alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Akasoma kitabu chote, akionyesha picha za kila ukurasa kama anavyowafanyia watoto wote. Muuguzi wa miaka thelathini na minne alisikiliza ameegemeza kidevu mkononi. Kengele ililia, na hakuna mtoto aliyenyanyuka.

Mama Pasi, asante. Tutakukumbuka, na tunasema hivyo huku tayari tumeanza. Skrini hatuibadilishi. Mwezi ujao unasafiri kwenda kwa binti yako; akikupokea mkoba, mwachie tu aubebe, ndani tumekutilia kile kitabu. Tunakuombea uzima na siku ndefu. Nawe usome taratibu, mwalimu, maana huko hakuna kengele.