Oveni ya Mama Sadia

Kibaraza chetu kiko mbele ya duka langu la ushonaji, ndani ya Lango la Bhati, Lahore, mahali ambapo jua la msimu wa baridi huchelewa kufika na huondoka bila kuaga. Wazoefu ni watatu, na mimi na cherehani yangu tunatimiza kikao. Yupo Injinia, ambaye uinjinia wake ni kutengeneza majiko ya gesi ya watu na kuyarudisha huku skrubu zimebaki mfukoni mwake. Yupo Haji Barkat, aliyekwenda Makka mara moja na kwa mazungumzo hajarudi mpaka leo. Na yupo Mieleka, aliyepigana mara moja ujanani akaangushwa, ila jina likamganda. Jana chai ilikuwa imeshamiminwa alipotokea Tufaili, karani mstaafu wa posta, ambaye nyumba yake imepakana na duka langu, amekumbatia viazi vitamu ndani ya shali kama mtoto mwenye homa. Shida yake tuliijua. Baridi ilipoanza, mbele ya wageni, alisema viazi alivyooka mkewe kwenye oveni vina ladha ya pamba, afadhali vya Buta wa pale kona anayevifukia kwenye majivu ya moto.  Mama Sadia alifunga begi akaenda mji wa Gujranwala kwa kaka yake.

TUFAILI: Anarudi leo mchana. Sadia kanipigia simu.

MIELEKA: Na hivyo viazi?

TUFAILI: Namwokea mwenyewe, kwenye oveni ileile. Nataka akifungua mlango akutane na harufu.

HAJI: Mwanamume kuoka! Mimi nilipokuwa Makka...

INJINIA: Haji, iache Makka ipumzike. Tufaili, oveni umeiwasha?

TUFAILI: Nimeiwasha. Si ulisema ipate moto kwanza ikiwa tupu?

INJINIA: Safi. Na kile kitufe cha kuwashia nilikifunga kwa mkono wangu huu. Hufungui mlango, hugusi kiberiti. Unabonyeza tu.

TUFAILI: Nimebonyeza, ikasema puu, nikatoka mbio.

MIELEKA: Sasa sikiliza. Vitoboe. Mke wa binamu yangu hakutoboa, kiazi kikalipuka ndani ya oveni. Mtaa mzima ulilala chini. Polisi walikuja na mbwa.

TUFAILI: Mbwa wa nini?

MIELEKA: Wa kunusa bomu. Ndiye aliyekila.

Tufaili akaniomba sindano yangu nene ya kushonea mifarishi ya pamba, akaanza kuchoma viazi kimoja kimoja, ulimi nje.

HAJI: Kutoboa ni kupoteza muda. Kiazi kinataka kufunikwa. Kwa Buta kinalala chini ya majivu, kinatulia, kinaota utamu. Kwenye oveni kiko uchi. Wewe ukiwa uchi baridi hii utakuwa mtamu?

INJINIA: Acheni porojo. Tatizo ni gesi. Wale wa mwanzo wa mtaa wanaivuta kwa mashine, sisi inatufikia imechoka.

HAJI: Gesi nayo inachoka?

INJINIA: Imetoka Baluchistan, Haji! Wewe ukitoka Baluchistan kwa bomba huchoki?

MIELEKA: Mimi naona oveni inamjua mwenyewe. Ile ilikuja na bibi harusi, alipewa na baba yake. Na mkweo, bwana Tufaili, tuseme ukweli, hakukupenda. Oveni yake itakupendaje?

HAJI: Basi aiombe radhi! Aingie jikoni, avue viatu, aisalimie kwa adabu.

Nilicheka mpaka nikashona mkono wa kanzu ya mteja kwenye kola. Tufaili peke yake hakucheka.

TUFAILI: Nyie chekeni tu. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nakula mkate na chai, naongea na saa ya ukutani. Asiporudi kukaa, mimi nimekwisha.

 Nilimhurumia kweli, nikamwongezea chai yangu kwenye kikombe chake. Kabla hajaigusa, bajaji ikasimama mbele yetu na Mama Sadia akashuka na begi. Alikuwa amewahi basi la mapema. Akatazama viazi, akatazama sindano, akamtazama mumewe.

MAMA SADIA: Baba Sadia, unafanya nini?

TUFAILI: Nakuokea viazi. Oveni inapata moto.

Begi likamponyoka.

MAMA SADIA: Vyombo vyangu umeviweka wapi?

TUFAILI: Vyombo gani?

Hakuna aliyemsaidia. Injinia alikuwa anatafuta kitu mfukoni. Mieleka alikagua kucha. Mimi nikaikumbuka oveni ya nyumbani kwangu, na makaango ya mke wangu, na mifuko ya plastiki iliyokunjwa ndani yake tangu tuoane. Mtaa mzima oveni ni kabati, na kila mmoja wetu alilijua hilo, na hata mmoja hakulifikiria. Haji mwenyewe hakuitaja Makka.

MAMA SADIA: Siku ile nilitoa masufuria yote, trei zote, mifuko yote, nikapanga sakafuni. Nikaoka. Nikarudisha kimoja kimoja. Wewe ulikuwa hapahapa.

TUFAILI: Sikujua, Mama Sadia. Wallahi sikujua.

Ndipo harufu ikafika, na haikuwa ya viazi. Sijawahi kumwona Haji akikimbia vile. Tuliikuta oveni inafuka moshi, Injinia akazima gesi, na Mieleka akavunja dirisha lililokuwa wazi. Nyumba ilipona. Mifuko tu ndiyo iliyoyeyuka, ikawa ngozi nyeusi juu ya masufuria.

Muda si muda tulikuwa tena kibarazani, kila mtu na sufuria katikati ya magoti, tunasugua kwa majivu tuliyoomba kwa Buta. Chai ilikwisha na hakuna aliyethubutu kuagiza nyingine. Jua lilipoanza kutuacha, Mama Sadia akatoka nyumbani kwake na sinia la viazi alivyovioka kwenye oveni ileile, vimekauka ngozi, vinatoa mvuke, na ndimu pembeni. Tufaili akainuka na sufuria lake mkononi, uso mweusi kwa masizi.

TUFAILI: Vitamu!

MAMA SADIA: Hujaonja bado.

TUFAILI: Vitamu, nakwambia!

Mama Sadia akavuta mtandio mdomoni, akaingia ndani, na tukamsikia akicheka mpaka jikoni.