Makoti Kumi na Moja ya Mama Pindo

Nani kati yenu amewahi kubaki kitini filamu ikiisha, akasoma majina yote? Marehemu shangazi yangu, Mama Pindo, alibaki kila mara, ingawa lake halikuwemo.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, katika nyumba ya pili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkunga. Alisoma hadi darasa la saba. Huko ndiko mwalimu wa ushonaji alikomtania kwa jina la Mama Pindo, baada ya kumwona akifumua pindo la sketi moja mara nne mpaka likanyooka. Jina likaganda.

Mwaka 1984 aliolewa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa ya cherehani yake, "na kazi yenyewe hajaimaliza mpaka leo," alipenda kusema.

Mwaka 1997 alishona mavazi ya ile filamu ya hoteli: wageni kumi na mmoja, bafu moja. Sijaona filamu ya vichekesho iliyoishinda, na nasema hivyo bila aibu mbele ya jeneza. Wakipanga foleni, taulo mabegani, ukumbi mzima unashika mbavu. Hakuna nyota, wote wanabebana. Na kila koti, kwa rangi yake, linakuambia nani mwongo na nani mpweke kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Waigizaji waliachiwa makoti. Aliyeyashona walisahau kumwandika.

Niliiandikia kampuni ya filamu barua tisa. Kimya.

"Mwanangu, utapasuka mishipa," aliniambia tukiitazama tena. "Koti la njano lilikaa au halikukaa?"

"Lilikaa, shangazi."

"Basi keti. Majina hayajaisha."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mumewe amemshika mkono. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, na mimi, mtoto wa kaka yake. Apumzike sasa, koti lilikaa.

Asubuhi iliyofuata kifo chake mimi na mumewe tulikwenda kwenye chumba chake cha kushonea kuchukua nguo ya kumzika nayo. Mlangoni tuliwakuta waigizaji saba, ndio waliobaki hai, wamevaa makoti yao. Vichwa vimejaa mvi, vifungo havifikii matundu. Mwenye koti la njano alishika kadibodi nyeusi yenye maandishi meupe, kama ya mwisho wa filamu: Mavazi, na chini yake jina kamili la shangazi.

Wakaketi kwenye ngazi. Mzee, mume wa shangazi, akavaa miwani, akalisoma, akalirudia. Hakuna aliyeinuka mpaka alipomaliza.