Bi. Mwatumu na Maboma Yanayohama

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Mwatumu Sadala anastaafu baada ya kupokea simu za wagonjwa kwa miaka ishirini na saba katika Shirika la Afya Safarini, Korogwe. Mimi ni Richard, dereva wa gari la wagonjwa. Nimeombwa niandike kwa sababu sauti yake imenielekeza njia kwa miaka kumi na tisa.

Alianza mwaka 1998 kwa redio kolu, ile ya kubonyeza ndipo useme. Njia nyingi za kwetu hazina majina na nyumba hazina namba, kwa hiyo alijifunza kuuliza msikiti uko upande gani, mashine ya kusaga ni ya nani, ng'ombe wananyweshwa wapi. Majibu aliyaweka kichwani. Muda wake wa kustaafu ulipokaribia, wote tulijiuliza jambo moja: akiondoka na kichwa hicho, sisi tutawafikiaje wagonjwa?

Mwaka 2023 shirika lilimwajiri Jonathan, mtengenezaji programu, atuunganishie ramani ya mtandaoni. Ilionyesha kila gari lilipo, ilikadiria dakika za safari, na iliendelea kufanya kazi hata mtandao ulipokatika tukishapita Mkata. Jonathan alimtania Bi. Mwatumu kwamba amekuja kumpumzisha. Akajibiwa, "Karibu mwanangu. Kiti ndicho hiki, ila kinaumiza mgongo."

Kosa lilitokea Septemba ya mwaka huo. Kwa msaada wetu madereva, Jonathan alikuwa ameweka kila boma la wafugaji kama nukta moja yenye jina la mwenye boma. Hakuna aliyekumbuka kwamba kiangazi wenyewe huhama kufuata maji. Bi. Mwatumu alikuwa ameenda kuswali adhuhuri, na simu ilipokelewa na mwenzetu mgeni, Yusra. Mfugaji Kiseyian alisema mkewe Sinyati ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Ramani ilinifikisha bila kukosea hata kona moja, kwenye zizi tupu lenye majivu ya zamani.

Bi. Mwatumu aliporudi alimpigia Kiseyian.

"Baba, siku hizi mnanyweshea wapi?"

"Bwawani, mama, tangu mwezi wa nane. Kwani hamjui?"

"Ramani ndiyo haijui. Gari linakuja, usikate simu."

Alinielekeza hadi bwawani, nikafika. Mtoto alizaliwa garini, kabla hatujaiona lami. Anaitwa Siamanta, na sasa anakimbiza mbuzi.

Kesho yake Bi. Mwatumu alivuta kiti karibu na Jonathan. Huduma ya ramani ilimruhusu mtengenezaji kuongeza tabaka lake mwenyewe juu ya ramani ya kawaida, na hapo ndipo walipofanya kazi kwa karibu miaka miwili. Kila boma lilipata nukta ya masika na nukta ya kiangazi. Njia za kule Kabuku zinazozama kwenye matope zilifungwa kwenye ramani kila Aprili. Mpokea simu hawezi tena kutuma gari kabla hajajaza mahali mgonjwa anapochota maji wiki hiyo. Jonathan alilalamika kwamba hajawahi kuandika programu yenye visima vingi namna hii.

Kuna kitu ambacho hakikuingia kwenye programu. Machi mwaka jana mke wangu Fatu alizidiwa nyumbani, nami nikiwa safarini. Gari lilifika mapema, ila hakupona; siku zake zilikuwa zimefika. Bi. Mwatumu alikaa naye kwenye simu dakika zote za kulisubiri gari. Baadaye aliniambia walichozungumza: Fatu alikuwa na wasiwasi na maharage aliyoyaacha jikoni. Nashukuru kulijua hilo.

Juni hii alilazimishwa kuchukua likizo ya wiki mbili, ili tuone kama tutaweza bila yeye. Yusra alipokea simu kumi na nane, kutoka mashambani Makuyuni hadi kwenye maboma ya ng'ambo ya Mkata. Siku ya kwanza Bi. Mwatumu alipiga mara tatu kuuliza kama gari limefika. Siku ya pili mara moja. Siku ya tatu hakupiga.

Bi. Mwatumu, asante kutoka kwetu sote, na kutoka kwa wengi wasiojua jina lako. Mungu akupe afya na mvua nzuri shambani kwako. Simu yako ikiita asubuhi, na awe mjukuu anakusalimia. Sasa pumzika, moyo ukiwa umetulia. Kwa simu zote kumi na nane, gari lilifika.