Siku ya Kupimiwa Sare ya Kwaya

Yesu asifiwe, ndugu zangu! Haa, mmeitika kama watu wasiokunywa chai. Yesu asifiwe! Hapo sawa.

Naikumbuka kwaya yetu ya zamani, pale mtaani Kamalondo. Kila mwaka kabla ya Noeli tulipanga mstari kwa Papa Kasongo, fundi cherehani, atupime sare mpya. Tulitaniana juu ya viuno vyetu, tukaimba kabla hata ya kuombwa. Jamani, siku zile zilikuwa tamu!

Lakini mimi nilicheka na hofu moyoni. Baba yangu, mfanyakazi wa reli, alianguka ghafla akafa angali kijana. Kabla yake, kaka yake vilevile. Ukoo mzima ulisema ni laana. Nami nilikuwa nimeanza kuumwa kichwa kila asubuhi. Mchumba alipokuja nilimfukuza, maana nilikuwa nangoja zamu yangu.

Mwaka ule Mama Godelive akaweka meza yake mbele ya fundi. Alikuwa muuguzi wa miaka mingi, aliyerudi shuleni kusomea kuwapima na kuwafuatilia vijana kabla hawajaugua. Hospitali hatukwenda, lakini kwa sare nani angekosa? Akasema, "Papa Kasongo atapima nguo. Miye napima mwenye kuivaa. Bila kupita kwangu, hakuna sare!"

Akanifunga kitambaa cha kipimo mkononi, akapima, akarudia. Hakunitisha. Alinifuata kwenye mazoezi na kipimo chake, mara nyingi, mpaka siku moja akaniketisha. Nikamweleza habari ya laana, nikalia.

"Mutoto yangu, iko tansio, presha ya damu inapanda," akasema. "Ulitoka nayo kwa baba yako, sawa vile ulitoka na pua yake. Iko na dawa. Baba yako, hakuna muntu alimupima."

Ndugu zangu, minyororo ilikatika palepale! Nilipunguza chumvi, nikameza vidonge, nikaenda mazoezini kwa miguu. Na yule mchumba nilimwita arudi. Ndiye yule anayejificha nyuma ya ngoma!

Leo Mama Godelive yuko Kilwa, kule ziwani, Papa Kasongo amelala katika Bwana, na ile sare hainiingii tena. Bado naitunza. Namshukuru Mungu aliyenifungua kwa mikono ya mama yule.

Vijana wangu, mtegemeeni Bwana, msiogope. Baada ya ibada fundi atawapima sare pale nje, na muuguzi ameketi kando yake. Piteni kwake kwanza. Mwaka huu nimefikisha umri ambao baba yangu hakuufikisha. Njooni mpimwe, tuzeeke pamoja tukiimba!