Soda ya Mgeni Rasmi

Bwana asifiwe, kanisa! Aa, hiyo ya uvivu jamani. Nyie mmekunywa chai na maandazi asubuhi hii, mie nimekunywa chai isiyo na sukari hata chembe, na sauti yangu inafika mpaka barabarani. Bwana asifiwe! Haya, sasa nimewasikia.

Kwa msionijua, naitwa Faraja, binti wa Mama Faraja wa kwaya ya akina mama, wa hapa hapa Mbagala. Nimesimama kumshukuru Mungu kwa sababu iko siku nilikuwa nakufa mchana kweupe, mbele ya shule nzima, na wote walionizunguka walikuwa wananipenda.

Ndugu zangu, mie nina kisukari. Siyo kile cha wazee, hiki ni cha utotoni, cha sindano kila siku. Kilinianza nikiwa kidato cha kwanza. Nilikonda nikabaki macho, nikawa nakunywa maji kama ng'ombe aliyeshushwa kwenye lori kule machinjioni Vingunguti. Hospitali wakasema mwili wangu hautengenezi insulini, kwa hiyo nitajichoma maisha yangu yote. Nyumbani hatuna friji, dawa yangu inakaa kwenye mtungi wa maji pembeni ya kitanda. Majirani walipoona mabomba ya sindano wakasema, loo, mtoto wa watu ameshaanza kujidunga unga! Mama aliwafuata nyumba kwa nyumba. Mnamjua mama yangu.

Nililia jamani. Kila mkutano wa injili mie nilikuwa mstari wa mbele, nimeinua mikono, naomba Mungu aniondolee sindano. Nikirudi nyumbani, sindano iko pale pale. Nikaanza kusema moyoni, labda Mungu ananiruka. Anawafikia wenzangu wote, akifika kwangu anaruka.

Mama naye akatangaza vita na sukari. Kopo likahamishiwa kwa shangazi. Nesi wa kliniki alinipa pipi, akatuambia nitembee nazo mfukoni, maana ukijichoma halafu usile, sukari inashuka, na ikishuka inaweza kukuua upesi kuliko ikipanda. Mama akaitikia, "Ndiyo nesi, ndiyo nesi." Tulipofika getini akazitupa. "Pipi ndiyo zilizokufikisha hapa!" Mama, usiniangalie hivyo, umeniruhusu mwenyewe niseme. Alikuwa ananipenda, ndugu zangu. Ni mama gani ataelewa kirahisi kwamba kitu kile kile alichokatazwa kumpa mwanawe, siku nyingine ndicho dawa yake?

Shuleni nako walinilinda. Darasa zima lilikuwa askari wangu. Nikimsogelea tu muuza ubuyu nasikia sauti nyuma, "Farajaaa!" Walikuwa rafiki zangu wa maombi, tuliomba pamoja kila Ijumaa, Mungu awabariki.

Sasa shule yetu ina makundi mengi. Liko Kundi la Heshima, la wanafunzi wenye alama nzuri na nidhamu, wanavaa tai ya njano, wakipita unajua wamepita. Na iko Klabu ya Afya. Hao hawakuwa na tai. Walijaza ndoo za kunawia mikono, wakaosha vyoo, wakakaa na matroni kwenye kile chumba cha wagonjwa chenye kitanda kimoja, wakifundishwa huduma ya kwanza na mwalimu wa baiolojia. Watu waliwaita madaktari wa panadol. Mmoja wao ni Mwanahamisi, binti wa Kiislamu wa Tandika, mpole, anaongea polepole kama anachagua mchele. Huyo ndiye mtu pekee pale shuleni aliyewahi kuniuliza, "Faraja, ukianguka, sie tukufanyie nini?" Nikamweleza maneno ya nesi. Akaitikia tu, akaenda zake kujaza ndoo.

Ikafika siku ya sherehe ya vilabu. Siku hiyo mie nilikuwa navishwa tai ya njano! Wazazi wamekuja, turubai limefungwa, pilau imeiva, harufu imetapakaa uwanja mzima. Ratiba inasema mgeni rasmi akishafika, tunakula kwanza, sherehe baadaye. Mshereheshaji akatangaza, "Mgeni rasmi yuko njiani, yuko Ubungo, anaingia sasa hivi!" Nikasema, haya, chakula ndiyo hicho. Nikaenda chumba cha matroni nikajichoma sindano yangu kama nilivyofundishwa, nikarudi kukaa.

Ndugu zangu, mnazijua sherehe zetu! Mgeni rasmi hajafika, nani atashika sahani? Tukaimba. Tukacheza ngoma. Mshereheshaji akasema yuko njiani, yuko Ubungo. Tukaimba tena. Bado yuko Ubungo! Jasho likaanza kunitoka, mikono ikawa inatetemeka. Nikadhani ni njaa na hofu ya tai. Baada ya hapo sikumbuki vizuri, mengine nimesimuliwa, na kila mtu anasimulia kwa kuongeza chumvi yake.

Wanasema nilisimama nikamfokea mwalimu mkuu. Mie Faraja! Nilimwambia avue kofia yake, inanuka samaki. Na mwalimu mkuu wa watu hakuwa na kofia. Halafu nikalegea, nikadondoka kwenye viti.

Basi! "Pepo! Pepo limepanda!" Rafiki zangu wa maombi wakanizunguka, wakashikana mikono, wakakemea kwa machozi. Mwingine anasema sukari imempanda, leteni majani ya mlonge. Mama akaja mbio, amepoteza kiatu kimoja, anapiga kelele, "Mwanangu! Mmempa nini? Nani kampa kitu kitamu?"

Mnajua pale mbele kulikuwa na meza kuu. Kitambaa cheupe, maua ya plastiki, na soda ya mgeni rasmi imefunikwa kwa kitambaa ili nzi wasiikaribie. Hakuna mwanafunzi anayekaribia meza ile. Mwanahamisi akaiendea, akachukua soda. Mwalimu wa nidhamu akaita, "Wewe binti!" Hakugeuka. Kifungulio hakipo, akafungua kwa meno. Akapenya katikati ya wanaoomba, akapiga magoti, akaniinua kichwa. Akaniambia nimeze mate, akaona koo linameza.

Mama akamdaka mkono. Mnamjua mama, akishika ameshika! "Unataka kumuua mwanangu? Ana sukari huyu! Ana sukari!" Wawili wanavutana na chupa juu ya kichwa changu, na mie nakwenda zangu. Jamani, nilikuwa nakwenda. Nilisikia sauti zote ziko mbali, zinazidi kwenda mbali, na wala sikuogopa, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Yule binti hakupiga kelele. Alimtazama mama usoni, akasema kwa adabu zake zote za Tandika, "Shikamoo, mama."

Mama akajibu, "Marahaba."

Na alipojibu, mkono ukalegea! Huwezi kuitikia marahaba huku umekunja ngumi, ndugu zangu, mdomo ukishajibu mkono unafuata wenyewe. Mwanahamisi akaniwekea chupa mdomoni, kidogo kidogo, "Meza, Faraja. Meza tena." Mama amesimama ameshika kichwa. Soda ikafika nusu. Nikafumbua macho, nikauliza, "Mama, kiatu chako kingine kiko wapi?"

Haleluya! Wanasema uwanja mzima ulilia. Mama alimkumbatia yule binti mpaka mtandio ukamtoka. Mie nikapewa sahani ya pilau nikala palepale chini, mbele ya watu, kabla ya mgeni rasmi, na mwalimu wa nidhamu ndiye aliyenishikia sahani. Kisha matroni akanipeleka zahanati. Mgeni rasmi alipofika akapewa maji.

Sasa msiniulize kama nimepona. Sijapona. Asubuhi hii nimejichoma. Lakini siku hizi mama mwenyewe ndiye ananikagua mfukoni kama pipi zipo, na Klabu ya Afya hakuna anayeiita ya panadol. Na wale rafiki zangu waliokuwa wanakemea, maombi yao yalisikiwa! Walimwomba Mungu alete msaada, akauleta, umevaa hijabu, umeshika chupa. Mungu hakuniruka. Nilikuwa namngojea mlango wa mbele tu.

Ewe unayelia leo unasema Bwana amechelewa, mwamini. Omba, meza dawa yako, na usimchagulie mlango wa kuingilia.

Tangu asubuhi ile tulimngoja mgeni rasmi kwa nyimbo na ngoma, kumbe alishafika zamani, alikuwa uani anajaza ndoo. Leo nimemwalika ibadani na kwenye chakula cha shukrani, yule pale nyuma kwenye kiti cha mwisho, mwenye mtandio wa kijani, anajificha nyuma ya mama yangu. Sadaka yangu ya shukrani ni hii soda, iko baridi, na kifungulio nimeleta. Mwanahamisi, dada yangu, njoo mbele. Hatuanzi kula mpaka ufike.