Zipporah Naeku Katoo, Aliyetoka Mezani Kesi ya Ndugu Yake Ilipoitwa

Tunayemzika leo alizaliwa Isinya tarehe 3 Agosti 1981, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Katoo na Mama Elizabeth.

Alisoma Isinya, kisha sekondari ya bweni mjini Kajiado, ambako alicheza voliboli. Akiwa kidato cha tatu aliondolewa kwenye timu bila kuambiwa kosa lake. Alimwendea mwalimu wa michezo. "Mwalimu, sikatai adhabu. Nataka tu niulizwe kwanza." Mwalimu akamuuliza, na wiki hiyo akarudishwa.

Alihitimu sheria mwaka wa 2005 akafungua ofisi Kitengela. Mwaka wa 2009 alifunga ndoa na Nick Omolo, mwalimu wa hesabu.

Mwaka wa 2017 alikaa miezi mitatu Lausanne, Uswisi, akijifunza jinsi migogoro ya michezo ya kimataifa inavyosuluhishwa. Aliporudi alisema haya katika kila mkutano wa michezo: mchezaji asikilizwe kabla ya kufungiwa, uamuzi uandikwe na sababu zake, msuluhishi aseme wazi kama ana uhusiano na upande wowote. Aliomba yaingizwe kwenye sheria ya michezo ya taifa, na akaanza kuiandikia ligi yetu ya voliboli kanuni kwa Kiswahili rahisi.

Mwaka wa 2022 klabu yetu ya Kitengela ilishtakiwa kwa kuchezesha mchezaji aliyesajiliwa kwingine. Mimi, Leshan, ninayesoma haya, nilikuwa mwenyekiti wa klabu. Dada alikuwa mwenyekiti wa jopo la ligi lililosikiliza kesi hiyo. Hakuna kanuni iliyomlazimisha, lakini alisimama akasema, "Huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja," akatoka. Tulishindwa. Nilimpigia simu nikamfokea.

"Leshan," alisema, "kama ningekuwa dada wa yule wa upande ule, ungekubali nikae hapo mbele?"

Nilikata simu. Sikuongea naye miezi kumi na minne.

Januari 2025 aligunduliwa na saratani ya kongosho. Mwezi wa Mei aliniomba nimsomee rasimu ya kanuni kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka. Nilifika kifungu cha kumi na mbili, akalala. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi.

Jumamosi iliyopita vilabu kumi na kimoja vya ligi vilipitisha kanuni hizo. Niliinua mkono kuzikubali, pamoja na wengine.

Ameacha mume wake, Nick, watoto wao, Whitney na Gideon, Mama Elizabeth, na sisi ndugu zake watatu.

Mungu ampe pumziko, naye alale salama.