Mpasuko Kwenye Matuta ya Mama Ignas

Itangazwe kwa ndugu, jirani na uongozi wote wa kitongoji kwamba kiazi kitamu kimebaki bila msemaji katika ardhi ya Nyang'hwale. Paskazia Maduhu, Mama Ignas, ametutoka. Waombolezaji mliopo hapa nyumbani mnaombwa msirundikane upande wa matuta.

Alizaliwa Machi 3, 1959, jirani na Kharumwa. Shule aliiachia darasa la nne, akisema mwalimu anawalimisha shamba lake, na jembe hata kwao lipo. Mwaka 1978 Boaz Mwigulu alipokuja kuposa, Paskazia alitaka kwanza apige tuta moja amwone. Lilipinda. Akaolewa naye hivyo hivyo, tuta akalirudia mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa viazi. Hakung'oa shina hovyo. Tuta likipasuka alijua kiazi kimenenepa. Alichokonoa kwa kijiti, akakitoa hicho tu, akafukia vidogo navyo vikue. Vilivyozidi alivikata akavianika vikawa michembe, na kiangazi nyumba yake haikulala njaa.

Mwaka jana wachimbaji walifungua duara, shimo la kuchimbia dhahabu, nyuma ya zizi, mwanawe Ignas akiwemo. Wakaifuata chini kwa chini kwenye mwamba, na mwamba haujui mpaka wa shamba la mtu. Mei mwaka huu matuta yakaanza kupasuka, yote kwa mstari mmoja. Paskazia alifurahi, akaazima vikapu. Mkwewe Violeth alimsihi asikanyage huko: mpasuko ulikuwa umemeza kijiti kizima, na chini ya marando ya viazi nyundo zilisikika.

"Mama, hivyo si viazi."

"Kwani wewe umeanza kulima lini?"

Asubuhi ya Juni 14, 2025, alipiga magoti penye mpasuko mpana kuliko yote. Ardhi ikashuka naye. Ignas na wenzake walimvuta kwa kamba kupitia duara, kikapu bado kikiwa mkononi. Alifariki kabla gari halijafika.

Kaburi limechimbwa parokiani, maana shamba halibebi jeneza. Tangu jana mpasuko uko mlangoni mwa jiko. Mwenyekiti wa kitongoji ameahidi kuja kuutazama tukishazika.

Ameacha mume, Boaz, mwana, Ignas, mkwe, Violeth, na wajukuu wanne. Udongo wa parokiani umshike vizuri kuliko wa kwake.

Alipotolewa, wachimbaji walimzunguka. Ignas alimwuliza ameona nini kule chini. Mama yake alitema udongo.

"Hakuna hata kiazi."